Uyoga Uliomuua Nanjala

Wenzangu mlio wepesi wa kunyoosha vidole msibani, hadithi hii ni yenu.

Mwaka wa 1957 mvua ilinyesha vizuri Subukia. Kwenye kambi ya vibarua wa shamba la mzungu mmoja, Nasimiyu alikuwa akichambua maharagwe huku binti yake Nanjala akimwimbia wimbo wa kanisani. Mumewe, Wamalwa, akaingia na kofia imejaa uyoga mweupe.

"Huu siujui, Baba Nanjala. Tupa."

"Uyoga ni uyoga," akacheka.

Nasimiyu alipoenda mtoni, Wamalwa akaupika, akala na mtoto. Kesho yake wote wawili walikuwa wakitapika. Baba akapona. Nanjala tukamzika.

Je, Wamalwa alikiri? Thubutu! Alisema mtoto amelogwa na Jepkoech, mjane wa jirani aliyezoea kumletea maziwa. Watu wakaamini, maana uchawi hauhitaji ushahidi. Matanga hayajaisha, wanaume wakaenda kuchoma nyumba ya mjane.

Walimkuta Nasimiyu amesimama mlangoni na kikapu cha uyoga uleule.

"Anayejua ni Jepkoech aliyeua, ale huu," akasema. "Makokha, njoo. Mzee wa kanisa, njoo. Na wewe, Baba Nanjala, uyoga si ni uyoga?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Wamalwa akaangusha kiberiti, akaketi matopeni, akalia.

Siku hizo mtaalamu mmoja Mzungu wa makumbusho ya Nairobi alikuwa amepiga hema karibu, akikusanya mimea. Nasimiyu akampelekea kikapu. Mtaalamu akaukausha uyoga, akaandika mahali ulipoota na mwezi ulipochumwa.

"Andika pia kwamba uyoga huu ulimuua Nanjala, binti Nasimiyu."

"Mama, kumbukumbu zetu haziweki mambo hayo."

"Basi nirudishie uyoga wangu."

Wamalwa akamvuta mkono. "Utaniaibisha mpaka Nairobi!"

"Aibu ni yako. Mtoto alikuwa wetu."

Mzungu akaandika. Nasimiyu hakuondoka mpaka aliposomewa kila neno.

Baadaye Wamalwa alimwomba Jepkoech msamaha mbele ya kambi nzima. Jepkoech alimsikiliza hadi mwisho, kisha akafunga mlango wake. Na nani angemlaumu?

FUNZO

Ukikosa, sema umekosa. Anayeficha kosa lake nyuma ya jina la mchawi hutafuta maiti ya pili. Nawe jirani, ukiambiwa fulani ameloga, usishike kiberiti. Uliza marehemu alikula nini, na nani alimpikia.