Saa za Maji Kujaa

Nashon hakuwa na viatu vya baharini. Hakuwa na ramani, wala kofia ya jua. Kichwani alivaa ile ya sufu aliyotoka nayo kwenye baridi ya Nairobi. Darubini iliyoning'inia shingoni ilikuwa ya kuazima, na upande wake wa kushoto ulikuwa na ukungu. Maji ya kunywa yalibaki nusu chupa. Lakini alichokosa zaidi asubuhi ile ya Februari 1986 ni mtu wa kumwambia kwamba bahari ikiondoka hurudi.

Na ilikuwa imekwisha kurudi.

"Singh," alisema polepole, "tulipita wapi?"

Gurcharan Singh aligeuka juu ya fungu la mchanga walilosimama. Mchanga waliouvuka kwa miguu mikavu sasa ulikuwa mkondo wa kijani, ukienda kasi kama lori lililokatika breki. Mikoko ya ufukweni ilionekana ndogo kama sukuma wiki shambani.

"Mimi nilikuuliza. Hii maji inarudi saa ngapi? Ukaniambia nini?"

"Nilisema maji iko huko, na sisi tuko huku."

"Mtu ya ziwa!" Gurcharan alitema mate. "Nimefuata mtu ya ziwa baharini!"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Nashon alizaliwa kando ya ziwa, magharibi mwa nchi. Ziwa unaliacha jioni, na asubuhi unalikuta palepale. Aliyajua maji tangu utotoni, na hakuona sababu ya kuuliza mtu habari zake.

Wote wawili walikuwa watu wa Nairobi. Nashon alichora mabango ya mabucha na saluni huko Kangemi; Gurcharan aliuza vipuri vya magari katikati ya jiji. Walikutana katika matembezi ya asubuhi ya watazama ndege. Siku hizo mabonde ya nyuma ya Kangemi yalikuwa bado na miti, na wanaume wawili waliweza kusimama chini ya mti saa nzima bila mtu kuwauliza wanatafuta nini. Baadaye walikwenda kula nyama choma Kenyatta Market, wakabishana juu ya ndege mpaka nyama ikapoa. Hapo ndipo walipopanga safari ya pwani, wakamtafute mla-kaa, ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama koleo.

Mke wa Gurcharan, Surjit, aliwasindikiza hadi kwenye basi. "Bwana Nashon," alisema, "huyu hajui kuogelea hata ndani ya karai. Umrudishe."

"Nitamrudisha, mama."

Ndege walikuwa wamewaona, tena wengi, wakitembea kwa madaha kwenye tope. Kwa furaha ya kuwafuata, hakuna aliyetazama nyuma.

Sasa maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Gurcharan alikanyaga kombe la chaza lililovunjika, akapiga kelele. Nashon alimkalisha, akaona kisigino kimepasuka, akakifunga kwa leso.

"Unaweza kusimama?"

"Kusimama naweza. Kuogelea ndiyo siwezi. Wewe enda, uite watu."

Nashon alitupa kipande cha mti mkondoni. Kilivutwa kuelekea bahari kuu, kikapotea.

"Siendi. Nitamwambia nini mama Surjit?"

Wakati huo ndege waliruka wote kwa pamoja. Walizunguka juu yao, wakashuka kwenye fungu jingine la mchanga, ng'ambo ya mkondo mwembamba kama kichochoro cha mtaani. Wakasimama hapo, wakakunja shingo.

Gurcharan alishika mkono wa Nashon. "Umeona? Wanalala. Ndege ya miguu mirefu hailali mahali maji itafunika."

"Pale ni juu kuliko hapa."

"Lakini huo mkondo?"

Nashon aliupima kwa macho. Kwake ilikuwa mapigo machache ya mikono. Kwa mwenzake ilikuwa kifo. Alitafuta kamba, akapata mikanda miwili tu. Kisha macho yake yakatua kwenye kilemba cha manjano cha Gurcharan, ambacho kwa dini yake hakivuliwi ovyo mbele ya watu. Akayaondoa upesi, kwa aibu.

Gurcharan alimwona. Alikishika kilemba kwa mikono miwili, upepo ukimpiga ndevuni.

"Geuka," alisema.

Nashon akageuka. Alisikia kitambaa kikifunguliwa, mzunguko baada ya mzunguko. Kilipowekwa begani mwake kilikuwa kirefu kuliko alivyodhani, na bado kilikuwa na joto la kichwa. Alijifunga ncha moja kiunoni kwa fundo la wavuvi wa kwao, na nyingine akamfunga mwenzake kifuani. Akajitupa majini. Mkondo ulimvuta kando, chumvi ikamjaa puani, kisha vidole vya miguu vikagusa mchanga. Akavuta. Gurcharan alizama, akaibuka, akazama tena, nywele zimetanda juu ya maji. Nashon alivuta mpaka viganja vikachubuka. Kitambaa hakikukatika.

Walisimama hatua chache chini ya ndege, wasije wakawashtua. Nashon alivua kofia yake ya sufu, akampa mwenzake. Maji yalipanda mpaka magotini.

"Wakiruka?" Nashon aliuliza.

"Wakiruka, tumekwisha. Watazame tu."

Basi waliwatazama, kuliko walivyowahi kutazama ndege maishani. Walinyweshana ile nusu chupa kwa mafunda. Jua liliwachoma. Mla-kaa mmoja alifungua jicho, akawaangalia, akalifumba. Hawakuruka. Na maji, yakiwa magotini, yakasimama. Halafu taratibu yakaanza kuondoka.

Jioni waliburuta miguu hadi kwenye mikoko. Mama mmoja aliyekuwa akitafuta pweza aliwapa maji ya dafu, akawacheka.

"Nyie wabara! Mdomo wa kuuliza mliuacha wapi?"

Gurcharan alimnyooshea Nashon kidole.

Ndani ya basi la kurudi Nairobi, Gurcharan alijifunga kilemba kingine kutoka mkobani. Kile cha manjano, kilichokakamaa kwa chumvi, alimpa Nashon. "Kwetu, wanaume wawili wakibadilishana vilemba, ni ndugu," alisema. "Kofia yako sirudishi."

Miaka tisa baadaye, binti wa Gurcharan alikwisha kuwachukua baba yake na Surjit kwenda Uingereza, na miti mingi ya nyuma ya Kangemi ilikwisha kukatwa. Barua ya Gurcharan ilifika ikiwa na Kiswahili kilekile cha mjini.

"Ndugu yangu, baridi ya hapa ni mbaya. Navaa kofia yako ndani ya nyumba, Surjit anasema nafanana na askari wa geti. Mwezi wa pili nakuja. Goti ni bovu na kuogelea bado sijui. Utanipeleka tena kwa wale ndege?"

Nashon alisimama kwenye kaunta ya posta, katikati ya jiji, akiwa na kalamu. Alikuwa ameandaa maneno mengi njiani. Aliandika machache:

"Njoo, ndugu. Kilemba kipo. Safari hii nimeuliza saa za maji."

Akaikunja karatasi, akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja chake chenye kovu. Kisha akaitumbukiza kwenye sanduku la barua, akangoja mpaka aliposikia imeanguka.