Bado Kimoja

Siku hiyo chumba cha upasuaji kilinuka udongo mbichi, kama kaburi lililochimbwa sasa hivi. Muuguzi aliinama hadi chini ya kitanda, asione kitu.

Waliokuwa wakipasua ni ndugu wa tumbo moja. Kisu alikishika Kitindamimba. Kaka yake, ambaye wauguzi walimwita Bwana Mkubwa, alikuwa msaidizi tu, na hilo lilimchoma kuliko sindano. Yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kushona, lakini wagonjwa walimuulizia nani? Kitindamimba. Hata mama yao akiumwa kidole, Kitindamimba. Wivu ulimkaba Bwana Mkubwa mpaka akawa anaomba mdogo wake aumbuke. Maombi mengine husikilizwa na asiyealikwa.

Desturi yao ilikuwa moja: tumbo halifungwi mpaka muuguzi ahesabu vitambaa vya kufyonzea damu na kutamka, "Vimetimia." Kitindamimba alisikia neno hilo likitamkwa, akaanza kushona.

"Daktari, bado kimoja," muuguzi akasema, akiwa bado anahesabu vitambaa kwenye beseni. "Mimi sijasema kitu."

Kitindamimba akamtazama kaka yake. "Kaka, si amesema vimetimia?"

Bwana Mkubwa alijua. Sauti ilikuwa ya muuguzi, ila ilitokea nyuma ya kisogo chake yeye, pasipo na mtu. Angesema "fungua" tu, yangeisha.

"Amesema. Kitakuwa kimeanguka. Maliza."

Mgonjwa alioza tumbo, akafa. Mumewe akashtaki, na Kitindamimba akasimamishwa kazi. Bwana Mkubwa akabaki na chumba peke yake, kama alivyotaka.

Lakini ile harufu ilimfuata nyumbani, ikakaa kwenye taulo lake na kwenye sahani yake, na kila alipofunga vifungo vya shati mtu asiyeonekana alimpumulia kisogoni, pumzi baridi yenye chembe za mchanga, akimnong'oneza kwa sauti ya muuguzi, "Vimetimia," mpaka akaacha kuvaa mashati.

Kisha utumbo wa mama yao ukajisokota. Hapakuwa na muda wa kumpeleka kwingine.

"Mdogo wako yuko wapi?" mama aliuliza kitandani.

"Hayupo, mama. Nipo mimi."

"Haya. Basi hata wewe."

Hata hapo, wivu ulimchoma.

Alipasua vizuri, bila kosa, huku ameapa kutosikiliza sauti yoyote isipokuwa ya muuguzi aliyesimama mbele ya macho yake, na muuguzi akahesabu polepole, akarudia, na harufu ya udongo ikapanda hadi ikamtoa machozi.

"Daktari, bado kimoja."

Kisogoni palikuwa kimya. Bwana Mkubwa alitaka kusema "nakitafuta," lakini ndani ya barakoa akasikia kinywa chake mwenyewe kikisema, taratibu, "Kitakuwa kimeanguka," na mikono yake, aliyokuwa akiizuia kwa nguvu zake zote, ikaanza kushona.