Pikipiki Iliyomkataa Gwakisa

Pikipiki ilimkataa Gwakisa saa moja asubuhi, mbele ya nyumba yake mjini Tukuyu. Alikwisha kuvaa kofia ngumu, na sanduku lake la vifaa vya kutibu mifugo lilikuwa limefungwa nyuma. Aliposhika usukani, taa ya kijani ikageuka nyekundu, na sauti ya upole ikasema, "Mpanda, mwili wako hauwezi tena magurudumu mawili. Tafadhali shuka."

Akashuka, akapanda tena. Sauti ikarudia maneno yaleyale.

"Mama Lusajo!" akaita. "Njoo umwone mwanao, amepata kiburi."

Mkewe, Mhandisi Tusekile, alitoka akicheka. Kihisimizani kilikuwa kazi yake ya miaka tisa. Kilikuwa kifaa kidogo kama punje ya hindi, kilichofichwa ndani ya kila mshikio wa usukani. Kilisikiliza mitetemo ya misuli na mwendo wa neva, kikamtambua mpanda atakayeshindwa kuihimili pikipiki kabla hajaanguka. Tangu sheria ilipokifanya cha lazima, wodi za mifupa zilikuwa na vitanda vitupu, na watu walimsimamisha Tusekile sokoni ili wamshukuru.

Akakipeleka cha mumewe karakana, akidhani kimeingia maji. Kilikuwa kizima. Kwenye kioo cha kompyuta aliona mstari ukiteremka taratibu kwa miezi kumi na moja: mkono wa kushoto wa mumewe ulikuwa ukisahau kazi yake. Kifaa hakikuwahi kumwambia mtu, kwa kuwa yeye mwenyewe hakukiagiza kuonya. Alikiagiza kukataa tu, mwili ukifika kikomo.

Daktari bingwa alithibitisha. Ulikuwa ugonjwa wa neva, na dawa yake ilikuwa haijapatikana.

"Wewe ndiye uliyekipa akili," Gwakisa alimwambia waliporudi nyumbani. "Kipunguzie kidogo tu. Nina ng'ombe mia tatu kule mlimani wananitegemea."

"Siwezi, Baba Lusajo. Tulikitengeneza hivyo makusudi, hata mimi sina ufunguo wake. Na pikipiki zote nchini zimekwisha kukujua."

"Zote?"

"Zote."

Gwakisa akautazama mkono wake wa kushoto kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila hodi.

Wiki iliyofuata aliletewa chombo cha umeme cha magurudumu matatu, kama ilivyokuwa haki ya kila aliyekataliwa. Watu wa Tukuyu walikiita kigoda, kwa miguu yake mitatu na kwa sababu waliokipanda walikuwa wazee. Gwakisa alikuwa na miaka arobaini na sita. Kwenye kona ya kwanza aliinamisha mwili kama alivyozoea kwa miaka ishirini na miwili. Kigoda hakikuinama. Kilikwenda moja kwa moja hadi katikati ya shamba la chai la jirani, kikasimama, kikamwomba ageuze usukani.

Jumapili moja ya mwezi wa saba, Bibi Subilaga alipiga simu kutoka juu mlimani. "Daktari, ng'ombe wangu anahangaika tangu alfajiri. Mguu mmoja tu wa ndama ndio umetoka."

Ndege-roboti za kupeleka dawa zilikuwapo, lakini hakuna iliyojua kumvuta ndama. Gwakisa akaondoka, na Tusekile akapanda nyuma yake. Njia ilipobanwa na migomba, kigoda kikasema njia ni nyembamba mno, kikajizima. Walitembea dakika arobaini, wakipandisha, sanduku likiwa kichwani kwa Tusekile. Pikipiki ingepita pale kwa dakika tano.

Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, akihema. Gwakisa akanawa, akaingiza mkono wa kulia, akaupata mguu wa pili wa ndama.

"Yu hai," alisema. "Kamba."

Alijaribu kuifunga kwa vidole vya kushoto, ikamponyoka. Akajaribu tena. Mara ya tatu akamgeukia mkewe. "Funga wewe. Juu ya kwato. Zungusha, kisha vuta."

Mikono ya Tusekile ilikuwa imara, lakini haikujua kitu. Kitanzi kikateleza, akakirudisha, kikateleza tena. Gwakisa alimwelekeza kwa sauti tulivu, jasho likimtiririka hadi kidevuni. Ndama alipotoka, alikuwa amekufa.

Bibi Subilaga akamfunika kwa majani ya mgomba. "Poleni, wanangu. Hata hivyo mama yake mmemwokoa." Akawaletea maji ya kunawa, kisha akauliza taratibu, bila kumtazama Gwakisa, "Eti yule daktari wa mifugo wa Kiwira huja huku siku gani?"

"Alhamisi, mama," Gwakisa akajibu.

Walishuka mlima. Walipokifikia kigoda, Gwakisa aliketi asikiwashe.

"Na hiki kitanikataa lini?"

Kigoda nacho kilikuwa na kihisimizani, na kikomo chake alikipanga Tusekile. "Bado," akasema.

"Mama Lusajo, sikuuliza hivyo."

Tusekile aliukumbuka ule mstari na jinsi ulivyoteremka. "Mwezi wa nne."

Gwakisa akaanza kuhesabu kwa mkono wa kulia, akikunjua kidole kimoja kimoja: wa nane, wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja, wa kumi na mbili. Vikamwishia. Akainua mkono wa kushoto ili aendelee, lakini vidole havikukunjuka. Akasubiri. Havikukunjuka.

Tusekile akasogea karibu, akampa vyake.