Kadi Ndani ya Soksi

Kila asubuhi, kabla chai yangu haijapoa, pikipiki ya Fawaz ilikuwa ikinguruma mlangoni kwetu Mbwajumali. Fawaz ni kaka yake Hadil, rafiki yangu na jirani yetu ukuta kwa ukuta. Alitupeleka shuleni Siyu wasichana watatu kwa mpigo: Hadil, Fahima na mimi Kagendo. Helmeti haikuwako hata moja. Mimi nilikaa mwisho, nimeshikilia chuma cha nyuma, roho mkononi. Sikusema neno, maana nani anataka kuitwa mwoga?

Alhamisi moja tulifika kwenye kona ya minazi. Fawaz alikuwa na simu sikioni, anacheka. Ghafla gari jeupe likatokea mbele yetu. Fawaz aliyumba, tukaponea chupuchupu, goti langu likakwaruzwa na mlango wa gari. Nililitambua mara moja. Lilikuwa gari la zahanati, na dereva wake ni Baba.

Gari hilo lina kamera ndogo kwenye kioo cha mbele. Inarekodi kila kitu njiani.

Jioni Baba alichomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta, akatuonyesha video hiyo, kisha akairudisha kadi garini. Nilijiona mdomo wazi, macho yamenitoka. Mama alishika kichwa.

"Kesho naipeleka kwa polisi," Baba alisema. "Na wewe, kuanzia kesho utatembea. Mguu haujawahi kumuua mtu."

Nilitoka mbio kwenda kumwambia Hadil. Alianza kulia papo hapo.

"Watamfunga, Kagendo! Ndiye anayetulisha. Na watu watasema nyinyi wa bara mmetushitaki. Mamangu hatawasemesha tena."

Maneno hayo yalinichoma. Tulipohamia hapa hatukumjua mtu. Bi Swafiya, mama yake Hadil, ndiye aliyetuletea sahani ya kwanza ya mahamri. Mama aliirudisha na ndizi, maana hapa sahani hairudi tupu, na tangu siku hiyo sahani ile haijapumzika. Niliogopa kuikosa. Basi Baba alipokwenda kuoga, nilikwenda kwenye gari, nikafungua kamera, nikaichomoa kadi ile ndogo yenye video na kuitia ndani ya soksi.

Asubuhi Baba alipekua gari hadi chini ya viti. Mimi nikashika njia, kadi ikinikwaruza kifundo kila hatua. Sikuwa nimefika mbali pikipiki iliponipita kwa kasi.

"Mwoga weee!" Fawaz alipiga kelele. Hadil alinipungia mkono. Wakapotea kwenye kona ya minazi.

Nilisikia breki, kisha mkwaruzo mrefu, kisha kimya. Nilikimbia hadi pale konani. Punda alikuwa amesimama katikati ya njia na mzigo wake wa kuni. Fahima alikuwa akilia kando. Fawaz amekaa mchangani, mikono kichwani, simu yake bado inaita. Hadil alilala kifudifudi, hasogei.

"Hadil! Hadil!"

Nilidhani amekufa. Nilidhani mimi ndiye niliyemuua. Sijawahi kuogopa vile maishani.

Kisha akafungua macho. "Mkono wangu," akanong'ona.

Baba alipigiwa simu, akaja na gari, tukampeleka hospitali. Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili. Nje ya mlango nilivua kiatu, nikatoa kadi.

"Baba, mimi ndiye niliyeichukua."

Hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. "Twende ukaitoe mwenyewe," alisema.

Kituoni, Sajenti Chelangat aliitazama video mara mbili. Aliniuliza maswali, nikajibu yote. Fawaz alikamatwa siku ile ile. Hakuwa hata na leseni.

Siku tatu zilipita na sahani ya Bi Swafiya haikuonekana. Nilipita ukutani kwao nikinyata. Siku ya nne, mlango ulibishwa. Nilipofungua nikamwona Bi Swafiya, uso mkavu.

"Ndiwe uliyepeleka ile kadi?"

"Ndiyo, Bi," nilijibu, machozi yakinilenga.

"Yeo asubuhi nimetoka kumuona Fawaz. Amelia, na mimi nimelia. Lakini heri mwanangu alale kituoni kuliko huyu Hadil kulala mwanandani mwa kaburi." Alinishika bega. "Kusema si kosa, mwanangu. Kosa ni kuficha. Ukiona hatari ndiani tupitapo, iseme siku iyo iyo, hata mwenye kuifanya akiwa ni wa nyumbani. Ukimfichia, humpendi, wamchimbia kaburi. Fawaz akitoka atasomea leseni kwanza, ndipo aguse pikipiki."

Kisha akatoa sahani ndani ya buibui lake. Mahamri yalikuwa bado ya moto.

"Na sahani yangu musikae nayo sana."

Nyuma yake alisimama Hadil, mkono umefungwa plasta.

"Nikipona," alisema, "utaningoja tutembee pamoja?"

"Nitakungoja," nikamwambia.