Mkeka wa Mzee Soud

Jumatatu, tarehe 11 Machi 1974. Mvua ilianza kunyesha Tabora kabla ya adhana ya alfajiri, ikakatika jua lilipochomoza, ikaacha madimbwi kila mahali na ubaridi uliowafanya watu sokoni wajifunike kanga mabegani. Hewa ilinukia karanga mbichi zilizokuwa zikichemshwa kwenye masufuria makubwa.

Katikati ya wauza karanga na wasukuma mikokoteni, kijana mmoja alikuwa akijaribu kuvuka dimbwi kwa mkongojo mmoja. Aliitwa Darwesh, beki wa timu ya reli. Alivaa suruali ya bugaluu ya kahawia, na upana wake ulimsaidia kuficha bandeji ya goti. Katika mechi ya mwezi uliopita mshambuliaji alimwangukia mguuni, na kano ya ndani ya goti ikavutika. Daktari alisema hapana haja ya kupasua. Goti lingepona kwa mapumziko, mazoezi na subira.

"Kaka, mkongojo umeushika upande usio wake."

Darwesh aligeuka. Aliyesema alikuwa msichana wa buibui jeusi, kikapu cha bamia mkononi, macho yake makubwa yakijizuia kucheka.

"Dada, mguu unaouma ni huu wa kulia."

"Ndiyo maana nakwambia. Ushike kwa mkono wa kushoto."

"Ili nianguke watu wacheke?"

"Wanacheka hata sasa. Unatembea kama bata aliyefungwa mguu."

Kwa hasira aliuhamisha mkongojo, apate kumwonyesha kuwa amekosea. Alipiga hatua moja, kisha nyingine. Maumivu yalipungua. Alipoinua uso kushukuru, yule msichana alikuwa amekwisha potea kati ya mabuibui mengine.

Alimwona tena Jumatano, hospitali, katika chumba cha mazoezi ya viungo. Alikuwa na gauni jeupe la kazi na mtandio wa buluu.

"Kumbe bata," alisema.

"Kumbe wewe ndiye utakayenitesa," Darwesh akajibu.

"Mimi sitesi. Naitwa Saleha."

Hakumgusa mguu, kazi hiyo aliifanya msaidizi wa kiume. Saleha alisimama pembeni akielekeza. Darwesh akunje taulo aliweke chini ya goti, alikandamize, ahesabu polepole, aachie. Ainue mguu ulionyooka, kwanza mtupu, halafu na mfuko wa mchanga kifundoni. Asimame kwa mguu mmoja ameshika ukuta.

"Nitakaa chini lini?" Darwesh aliuliza siku moja. "Msikitini naswali kwenye kiti, safu ya nyuma kabisa, na wazee wenye pumu."

"Kukunja kabisa ndiko huja mwisho. Usililazimishe. Ukililazimisha litakurudisha ulikotoka."

"Na mimi nisiye na subira?"

"Mwombe Mungu akupe. Mimi sina dawa yake."

Wiki zilipita. Wachezaji wenzake, waliokuwa wakikijaza chumba chake cha mtaa wa Ng'ambo kwa vicheko, waliacha kuja mmoja mmoja. Mama yake alifariki mwaka uliotangulia. Jioni alikaa kitandani akiinua mfuko wa mchanga, na sauti pekee ndani ilikuwa ya mchanga ukihama. Alipomweleza Saleha jambo hilo, Saleha alisema kwamba hata kwao ni hivyo. Tangu mama yake azikwe wamebaki yeye, baba na shangazi Khole. "Tunakula watatu," alisema, "na hakuna anayetaka kuzungumza."

Kuanzia siku ile walipendana, ingawa hakuna aliyetamka.

Mwezi Juni kazi yake relini ya kuunganisha mabehewa ilionekana kuwa nzito kwa goti lile, Darwesh akahamishiwa stesheni ya Igalula kukata tiketi na kupokea simu. Treni ya Kigoma ilisimama pale kidogo, nyuso zikachungulia madirishani, halafu ikaenda na nyuso zake zote. Baada ya hapo vilibaki reli, nyasi na upepo. Jioni watu wazima wa kijiji kipya cha ujamaa walikuja kusoma chini ya banda la stesheni. Walikaa chini, naye akawafundisha herufi akiwa kitini.

Simu ndiyo iliyomfariji. Pale stesheni ya Tabora mwunganisha simu alikuwa Apolinaria, mwanamke mcheshi, ambaye alimwunganisha na hospitali laini ilipokuwa haina kazi.

"Umeinua leo, mpenzi?" Saleha alikuwa akiuliza, sasa bila haya.

"Nainua sasa hivi. Mfuko uko mguuni."

"Mwongo. Nasikia unatafuna."

"Natafuna muhogo huku nainua."

"Igalula," sauti ya Apolinaria iliingia, "behewa la ng'ombe linaomba njia. Mengine mtamalizia peponi."

Mwezi Agosti Darwesh alimwambia Saleha anataka kuja kuposa. Saleha akamwambia shangazi, shangazi akamwambia Mzee Soud, na Mzee Soud, baba yake Saleha, muuza nguo aliyeheshimika mtaani, akapanga iwe Ijumaa baada ya swala.

"Kuna jambo moja," Saleha alimwambia Darwesh kwenye simu, akicheka. "Baba hupokea watu kwenye mkeka aliousuka marehemu mama. Kila jambo kubwa la nyumba yetu limepita juu yake. Hata arusi ya shangazi."

Saleha alilisema kwa furaha tu. Darwesh alipokata simu alilitazama goti lake. Mkekani hutakiwi kunyoosha mguu ukaelekeza wayo kwa wazee. Kuomba kiti ni kukaa juu ya vichwa vyao. Hakuwa na baba wa kumuuliza.

Kwa hiyo Alhamisi alasiri alitandika msala wake chumbani, akasoma Bismillahi, akapiga magoti, akajishusha juu ya visigino kwa uzito wake wote. Goti lilikataa. Akaongeza. Kitu kikavuta upande wa ndani, akaangukia ubavu, jasho likimtoka.

Asubuhi goti lilikuwa limevimba. Treni ilipofika, Darwesh alikuwa amesimama jukwaani na kanzu iliyopigwa pasi. Alikata tiketi za wengine. Treni ikaondoka, naye hakupanda.

Nyumbani kwa Mzee Soud halwa ilikuwa kwenye sinia, kahawa motoni, wazee wawili wa mtaa wamekaa. Walingoja hadi adhana ya alasiri.

"Halwa wapeni majirani," Mzee Soud alisema akiinuka. "Na jina hilo lisitajwe humu ndani."

Saleha alikunja mkeka peke yake.

Siku zilipita na Igalula haikupiga simu. Darwesh alikuwa akiuinua mkono wa simu na kuurudisha. Amwambie nini? Kwamba alimwaibisha baba yake, tena kwa kufanya lile alilokatazwa? Saleha naye alikwenda kazini, akawahesabia wengine wanaoinua miguu. Kwenye swala alirefusha sijda mpaka shangazi akadhani amelala. Alikuwa akiuliza kosa lake.

Apolinaria ndiye aliyechoka.

"Igalula, mbona siku hizi unazungumzia treni tu?"

"Ndiyo kazi."

"Kijana, mimi nina watoto wakubwa. Una nini?"

Darwesh hakuwa ameulizwa swali hilo na mtu yeyote tangu mama yake afariki. "Goti limevimba," alisema.

"Basi mwambie mwenye magoti. Usikate."

Laini ikakwaruza.

"Chumba cha mazoezi," ilisema sauti aliyoijua. Kisha: "Darwesh. Hata pumzi zako nazijua. Mbona hukuja?"

"Sikuweza kukaa."

"Kukaa wapi?"

"Mkekani kwenu. Nililikunja kwa nguvu siku moja kabla, likaumia upya. Nikaona nitamnyooshea baba yako mguu, au nitakaa juu ya kichwa chake."

"Kwa hiyo uliniacha kwa ajili ya mkeka."

"Sikukuacha."

"Ulininyamazia. Nilidhani umepona mguu, ukapata msichana mwingine. Darwesh, ungekuja umelala kwenye machela ningekupokea. Nisichojua kukitibu ni kule kunyamaza."

"Nisamehe, mpenzi."

"Mimi nimekusamehe. Baba, sijui." Alivuta pumzi. "Weka kitambaa cha maji baridi. Pumzika mpaka uvimbe ushuke, halafu uanze na taulo, kama mwanzo. Nami nitasema na baba."

Usiku huo wakati wa chakula alisema.

"Baba, yule kijana aliogopa kuunyoosha mguu mbele yako."

Mzee Soud aliacha kutafuna. "Aliogopa kunivunjia heshima, ndiyo akanivunjia?"

"Ndiyo, baba."

Mzee akanawa mikono, akaenda kuswali isha. Alhamisi ndipo alipomwambia shangazi Khole, "Mwambie aje."

Ijumaa hiyo Darwesh alishuka kwenye treni pamoja na Kornel, mkuu wa stesheni ya Igalula, aliyekubali kumsindikiza kama kaka. Alitembea taratibu, mkongojo mkono wa kushoto. Mlangoni alivua viatu, akainamisha kichwa, tayari kwa lolote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pita."

Ndani hapakuwa na mkeka sakafuni. Kulikuwa na viti: viwili vya mezani, stuli ya dukani, kigoda cha jikoni, na kiti kikubwa cha kinyozi alichoazima kwa jirani. Wazee wawili wa mtaa walikuwa wamekaa wima, hawajui mikono waiweke wapi. Juu ya kiti cha peke yake, karibu na mlango wa ndani, uliwekwa mkeka uliokunjwa vizuri, kama mgeni aliyetangulia kufika.

"Kaa," Mzee Soud alisema. "Tangu nizaliwe sijapokea posa juu ya stuli. Mgongo unaniuma kuliko goti lako."

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Darwesh alikaa, mguu ameunyoosha kidogo, na hakuna aliyeutazama.

"Mwanangu," Mzee Soud aliendelea, sasa kwa upole, "mguu hauna adabu mbaya. Kilichoniumiza si mguu. Ulituacha tunakungoja, na binti yangu akadhani ana kasoro. Nyumba hii ina ukimya wa kutosha. Sikupi Saleha auongeze. Unaahidi nini? Sema kwa sauti, wasikie hawa, na aliye nyuma ya pazia."

Pazia lilitikisika kidogo. Darwesh alishika mkongojo, akasimama juu ya miguu yake yote miwili, akautazama mkeka, kisha pazia.

"Mbele ya Mwenyezi Mungu, na mbele yenu wazee wangu, na kaka Kornel, na shangazi Khole," alisema, na sauti yake haikutetemeka, "naahidi kwamba siku nitakayoumia, mguu au moyo, sitanyamaza. Saleha atakuwa wa kwanza kujua."