Faili la Kijani Chini ya Meza

Usiseme hukuona. Uliona. Uliona mwenzako akisingiziwa darasani, ukainamia begi lako ukajifanya unatafuta kifutio. Uliona mdogo wako akichapwa kwa kikombe ulichokivunja wewe, ukatoka nje kwenda kucheza. Leo hutageuza shingo. Utakaa hapa uitazame ofisi moja mpaka mwisho, ofisi ya watu wazuri, wacheshi, wenye utani wao, kisha useme ni yupi kati yao anayefanana na wewe.

Kila siku saa tisa alasiri, msichana mmoja wa darasa la sita alitoka shule, akavuka barabara mbili, akapanda ngazi kumi na nne za ofisi ya maji. Mama yake alikuwa katibu pale. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwangalia, kwa hiyo Mkuu wa ofisi alimruhusu akae kwenye meza ya pembeni, karibu na dirisha, afanye kazi za shule mradi asipige kelele. Wafanyakazi walimbandika jina la Karani Mdogo.

Aliipenda ofisi ile kuliko hata shule. Mama yake alikuwa na tabia ya kuvua viatu chini ya meza. Mkuu akimwita ghafla, miguu ilianza kuvitafuta viatu huku na huku kama kuku anayeparua, na uso huku juu umetulia tuli. Dereva naye hakuingia mlangoni bila kupiga honi kwa mdomo. "Piii! Nipisheni, gari halina breki!"

Na kulikuwa na Mama Faili, mtunza masijala, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mama Faili aliongea na mafaili. Ukimwomba faili, alipita kati ya rafu akiita taratibu, "Uko wapi, mwanangu? Toka, unatafutwa na wenyewe." Akilipata, alilipuliza vumbi kama anayepoza uji, ndipo akakukabidhi. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja bila kupoteza hata karatasi. Ilibaki miezi minne astaafu.

Lakini kipenzi cha wote alikuwa Mjomba Peremende, afisa aliyeshughulikia maombi ya watu wanaotaka maji nyumbani kwao. Hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale. Mifuko ya koti lake ilichakacha kwa peremende, na saa kumi, wakati wa chai, alipita meza kwa meza akigawa mojamoja. Makaratasi ya peremende aliyakunja yakawa ndege wadogo. Karani Mdogo alikuwa na ndege thelathini na wawili, amewapanga dirishani kwa mstari.

Mjomba Peremende alikuwa na tabia nyingine: hakupenda kusaini. Utaratibu ulikuwa kwamba kila faili linalotoka masijala liandikwe kwenye daftari kubwa, namba na tarehe, na anayelichukua atie saini. Yeye alilibeba tu, akaweka peremende mbili juu ya daftari. "Utaniandikia baadaye, mama."

"Wewe utanitia matatani siku moja," Mama Faili alimwambia huku akicheka. Kisha alimenya peremende, na mstari ukabaki wazi.

Sasa ile meza ya pembeni ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Karani Mdogo akiandika, meza ilicheza, na herufi zilipanda na kushuka. Jumatatu moja mwalimu wa hisabati alimwandikia kwa wino mwekundu: "Unaandikia juu ya punda?" Mjomba Peremende aliyasoma maneno yale, akashika kiuno.

"Punda! Karani wetu aambiwe hivyo na sisi tupo?" Alivuta faili la kijani kutoka kwenye lundo la mezani kwake, akapiga magoti, akaliingiza chini ya ule mguu mfupi. "Haya, andika sasa. Hata ardhi ikitetemeka, wewe endelea tu."

Mama yake Karani Mdogo aliinua macho, akacheka. Dereva alipita, akaigonga meza kwa ngumi. "Sasa hiyo ndiyo springi!" Wote walicheka. Hakuna aliyeuliza lile ni faili la nani.

Alhamisi alikuja mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa na sugu ya kishikio cha ndoo.

"Nimekuja mara ya tano," alisema. "Ombi langu ni namba mia nne kumi na saba. Mafundi wanachimba mtaani kwetu Jumatatu. Wakipita bila jina langu, nimeambiwa nisubiri mwaka mzima."

Mama Faili aliingia kwenye rafu. "Uko wapi, mwanangu? Toka, unatafutwa." Alipita rafu ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho, kisha akarudia. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa nyembamba, na alikuwa haiti tena, alikuwa anaomba.

Mkuu wa ofisi alitoka chumbani kwake, akafungua daftari. "Hapa pameandikwa faili limeingia masijala Ijumaa iliyopita. Limeingia kwako, halikutoka. Liko wapi?"

"Mkuu, mafaili ya maombi huchukuliwa na afisa wa maombi."

"Amesaini?"

Mama Faili alitazama mstari ulio wazi.

"Umelichukua wewe?" Mkuu alimgeukia Mjomba Peremende.

"Mimi? Sijalitia machoni, Mkuu."

Karani Mdogo alishtuka. Aliangusha penseli yake makusudi, akainama kuiokota. Ukingo wa jalada la kijani ulikuwa umetokeza chini ya mguu wa meza, na namba ilisomeka vizuri: 417. Alipoinuka alikutana na macho ya Mjomba Peremende. Mjomba aliweka kidole mdomoni, akamkonyeza, vilevile kama alivyomkonyeza siku zote alipompa peremende mbili badala ya moja.

Saa kumi alikuja na chai yake, akachuchumaa kando ya meza.

"Karani Mdogo, sisi ni marafiki, au sivyo?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Nilidhani ni jalada tupu, wallahi. Nikisema sasa hivi nitaonekana mjinga. Watu wakiondoka nitalirudisha kwenye rafu. Kesho litaonekana, mambo yamekwisha. Sawa?" Akamwekea peremende mbili kiganjani. Msichana alizipokea.

Njiani kwenda nyumbani alimweleza mama yake kila kitu. Mama alisimama katikati ya njia.

"Umemwambia mtu mwingine?"

"Hapana."

"Basi usimwambie. Unajua nani aliyeniombea wewe ukae pale? Ni yeye. Mkuu akijua faili lilikuwa chini ya meza yako, utakaa wapi kesho? Kwenye ngazi? Amesema atalirudisha, atalirudisha."

"Lakini Mama Faili alikuwa anafuta machozi."

"Mama Faili ni mtu mzima," mama alisema, akaanza kutembea haraka. Siku zote walishikana mikono wakivuka barabara. Siku ile alisahau.

Ijumaa Karani Mdogo alipanda ngazi mbilimbili. Aliweka daftari mezani, na meza ikacheza. Moyo wake ulitua: Mjomba amelitoa, amelirudisha! Aligeuka kutafuta uso wa Mama Faili ili aone furaha yake.

Mama Faili alikuwa anafunga kikombe chake kwa gazeti na kukitia mfukoni.

Faili lilikuwa limeonekana, ndiyo. Lilionekana ndani ya droo yake mwenyewe, chini ya sweta lake. Mkuu alikuwa amesimama mlangoni pa masijala, mkono mmoja ameshika faili, mkono mwingine barua ya kumsimamisha kazi. Yule mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameketi kwenye benchi, anasikiliza.

"Ulilificha," Mkuu alisema. "Sijui ulingoja huyu mama akupe nini."

"Miaka thelathini na mmoja," Mama Faili alijibu.

Karani Mdogo alikwenda mpaka kwa Mjomba Peremende. Alikuwa anakunja ndege.

"Mjomba, ulisema kwenye rafu."

"Shh! Limeonekana, si ndicho ulichotaka? Yule mama atapata maji. Mama Faili naye yuko mlangoni kustaafu, atapumzika mapema kidogo."

"Kwa kuitwa mla rushwa?"

Mjomba Peremende aliacha kukunja. Alipaza sauti ili wote wasikie. "Katibu, mtoto wako anasumbua watu kazini!"

Msichana alimtazama mama yake. Chini ya meza miguu ya mama ilikuwa inatafuta viatu, huku na huku. "Rudi kwenye meza yako," mama alisema bila kuinua uso. Dereva alikuwa mlangoni, lakini leo hakupiga honi. Alikuwa anasoma tangazo la ukutani ambalo limebandikwa pale tangu mwaka juzi. Ghafla kila mtu alikuwa na kazi nyingi mno.

Alirudi. Ndege thelathini na wawili walikuwa wanamtazama kutoka dirishani. Aliwapenda sana ndege wale. Alifikiri angelia tu, basi. Badala yake alijikuta amesimama mbele ya Mkuu.

"Mkuu, shikamoo. Naomba uligeuze hilo faili."

"Nini tena wewe?"

"Ligeuze nyuma, tafadhali."

Mkuu aliligeuza. Nyuma ya jalada la kijani palikuwa na alama ya duara, imezama ndani ya karatasi ngumu, ukubwa wa kizibo cha chupa.

"Ni mguu wa meza yangu," Karani Mdogo alisema. "Faili lilikuwa chini yake kuanzia Jumatatu mpaka jana. Mimi nimeandikia juu yake hesabu zangu zote. Jana nililiona nikanyamaza. Mama Faili hakulificha."

Mkuu alikwenda kwenye meza ya pembeni, akainama, akaliweka faili chini ya mguu mfupi. Mguu ulikaa ndani ya duara kama kidole ndani ya pete. Aliisukuma meza. Haikucheza.

"Nani aliliweka hapa?"

Karani Mdogo alimtazama Mjomba Peremende, akangoja. Alitamani aseme mwenyewe.

Mjomba alicheka. "Watoto wa siku hizi kwa hadithi! Amelichezea yeye, sasa anatafuta mtu wa kumsukumia."

Hakuna aliyecheka naye. Kiti kilikwaruza sakafu. Mama yake Karani Mdogo alikuwa amesimama katikati ya ofisi, miguu mitupu, viatu hakuvipata.

"Si hadithi," alisema. "Nilimwona Jumatatu akilichukua mezani kwake. Nilicheka. Na jana mtoto aliniambia, mimi mzazi wake nikamfundisha kunyamaza."

"Na mimi niliona," Dereva alisema, bado anatazama ukuta. Halafu akageuka. "Niliigonga hata meza yenyewe."

Mkuu aliichana barua vipande viwili. "Mama, nisamehe. Niliandika kabla ya kuuliza." Siku hiyohiyo aliliidhinisha ombi la yule mama mbele yake, na namba mia nne kumi na saba ikaingia kwenye orodha ya mafundi. Mjomba Peremende aliitwa chumbani kwa Mkuu. Alipotoka alikuwa ameshika barua ya kumsimamisha kazi yeye mwenyewe. Alipita karibu na dirisha bila kusimama.

"Meza nilikutengenezea mimi, mtoto wewe," alisema chinichini, akaondoka.

Hapo ndipo Karani Mdogo alipolia.

Mama Faili alimkalisha kando yake, akalifungua daftari kubwa mbele ya wote. "Kosa langu ni hili hapa," alisema, akionyesha mistari iliyo wazi. "Nilikula peremende, nikaacha kudai saini. Kuanzia leo asiyesaini haondoki na faili, hata akinichekesha mpaka nianguke." Kisha alivua miwani. "Lakini si hilo lililoniuma. Niliuma meno nilipoitwa mla rushwa, nikavumilia. Kilichonivunja ni kwamba nilipita rafu kwa rafu nikiliita faili, nanyi mlikuwa mmeliona, mkaniacha niite. Tucheke pamoja, hata kesho, ofisi bila utani ni jela. Ila mtu akikuchekesha hajanunua ulimi wako. Na wewe, mjukuu wangu, shika hili: rafiki wa kweli hatakuomba unyamaze huku mtu mwingine anaumia. Akikuomba hivyo, jua ameshakuuza na wewe."

"Ulikuwa wajibu wangu kusema, si wake," mama yake Karani Mdogo alisema. Alimshika mwanawe mkono, na hawakuachana mpaka wamevuka barabara zote mbili.

Jumatatu Dereva alileta kipande cha mbao na nyundo, akakipigilia kwenye mguu mfupi. Aliigonga meza kwa ngumi. "Sasa hiyo ndiyo springi," alisema kwa sauti ndogo. Kisha Mama Faili akaanza kucheka, na wengine wakafuata, polepole. Karani Mdogo aliwakusanya ndege wote thelathini na wawili, akawatia kwenye pipa la taka pamoja na peremende mbili ambazo hakuzila.

Na wewe? Faili ulilijua. Ulimwona Mjomba akilivuta kutoka kwenye lundo, ukacheka na wenzako, ukaendelea kusoma. Umeona jinsi ilivyo rahisi? Sasa sikiliza. Kuna mtu leo, darasani kwako au nyumbani kwenu, amebebeshwa kosa ambalo si lake, na wewe unajua ni la nani. Usingoje kengele. Usingoje mkosaji aone haya. Funga kitabu hiki, simama, nenda kwa mwalimu, kwa mzazi, kwa yeyote mwenye masikio, useme ulichokiona. Nenda sasa hivi, hata kama hujapata viatu vyako.