Mkono wa Pedeli Uliogoma Kutoka

Jua lilikuwa linazama, na mke wa Fundi Kicheko keshapiga simu mara mbili kwamba chakula kinapoa. Kicheko akawa anafunga banda lake la baiskeli.

Mzee mmoja akaingia juu ya baiskeli. Hakushuka. Akaegemeza bega ukutani, miguu ikabaki kwenye pedeli.

"Nitolee huu mkono wa pedeli, fundi. Umekwama."

"Shuka basi, mzee wangu. Au umegongomewa misumari?"

Mzee hakucheka.

Kicheko akachuchumaa, akatoa bolti, akafunga kifaa cha kuuvuta mkono. Kikazunguka bure. Nyuzi za mkono, pale kifaa kinapong'ata, zilikuwa zimelika, laini kama ufizi wa kichanga. Harufu ya grisi ya zamani ikampiga puani... na chini yake, kitu kilichooza.

Akagonga nyundo. Ngo! Ngo! Kila pigo, mzee aliguna, kana kwamba unaogongwa ni mfupa wake.

"Imebaki dawa moja," Kicheko akasema, kama wasemavyo mafundi wote wakishindwa. "Bolti ikae nje. Endesha baiskeli hivyo hivyo, mkono utalegea wenyewe."

"Endesha wewe," mzee akanong'ona.

"Lete!" Kicheko akashika usukani.

Mzee akaporomoka chini kama gunia, akilia. Kucha zake zilikuwa nyeusi kwa grisi. Kucha za fundi.

"Nisamehe, fundi mwenzangu..."

Kicheko alikuwa keshapanda. Akazunguka uwanja mara moja. Mara mbili. Akataka kushuka.

Miguu ikakataa.

Akakamata breki. Baiskeli ikaongeza mwendo. Krii... krii... Simu ikalia mfukoni. Vidole vimeganda kwenye usukani. Akapita mbele ya nyumba yake, mkewe yuko mlangoni.

"Baba watoto, unakwenda wapi?"

"Hata mimi sijui! Nisaidie!"

Mkewe akacheka. Mizaha ya mumewe alishaizoea.

Kesho yake jioni baiskeli ikasimama yenyewe, mtaa wa pili, mbele ya banda la mdogo wake, naye fundi.

"Kaka! Tumekutafuta usiku kucha! Shuka!"

"Usiguse," Kicheko akanong'ona. "Nakuomba, mdogo wangu... usiguse."

"Acha masihara yako." Akacheka, akashika usukani.

Miguu ya Kicheko ikaachia. Akaanguka chini, na mdogo wake keshapanda, anatokomea gizani.

Siku hizi banda la Kicheko halifungwi. Kila jioni hukaa mlangoni, ametega sikio. Krii... krii... Siku zilizo mbaya zaidi, husikika karibu kabisa. Na hadi leo hajajua, mdogo wake akija, kama yeye mwenyewe ataushika usukani ili amwokoe.